Jinsi ya kuandika hadithi ya upelelezi ya kuchekesha: mwandishi wa habari anapomfuata jini mwaloni

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika riwaya fupi ya upelelezi yenye kuchekesha, isiyo na damu wala bunduki, ambamo mwandishi wa habari asiyeamini majini anatumwa kumchunguza jini na mwishowe anakuta mtu. Nimeuweka Mwanza kwa sababu mwambao wa Ziwa Victoria una kila kitu ambacho hadithi ya aina hii inahitaji: mawe makubwa yenye nyufa na mapango, taa zinazotembea juu ya maji usiku, wanyama wanaolia kama watoto wachanga, na watu wanaojua kusimulia.

Una pia jambo zito. Kanda ya Ziwa ndiko vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, ati kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali macho hayo yaliharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Ndiko pia watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia katika kila hatua ni hii: kicheko kimwangukie anayetengeneza hofu, kisimwangukie anayeogopa. Ukiishika hiyo, unaweza kuchekesha kadiri upendavyo.

Hatua ya 1: Chagua dai moja lenye mahali, saa na shahidi

Usianze na "nyumba yenye mauzauza". Anza na dai ambalo mtu anaweza kulisema kwa sentensi moja mbele ya mwenyekiti wa mtaa. "Kila usiku mawe yanaanguka kwenye bati la nyumba yangu." "Mwanangu anakabwa usingizini." "Kuna taa inapita kwenye mawe ya mwalo, na inalia kama mtoto." Dai la namna hiyo lina pa kushikia. Mwandishi wako wa habari atauliza wapi, saa ngapi, nani aliona, na hadithi itaanza kwenda yenyewe.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki, tuuite Jiwe Pacha. Akina mama wanaanika dagaa kwenye chanja katika kiwanja cha mjane mzee, tumwite Bibi Mbuke. Usiku taa nyeupe inaonekana ikipita juu ya mawe, na kilio kinasikika. Akina mama wameacha kuja alfajiri, dagaa wanaoza, na maneno yameanza kumzunguka Bibi Mbuke. Gazeti linamtuma Kabula, mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari inayotoka.

Hatua ya 2: Ijue sababu ya kweli kabla hujaandika ukurasa wa kwanza

Hapa ndipo waandishi wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Msomaji wa hadithi za upelelezi husamehe mengi, lakini hasamehi maelezo ya kubahatisha mwishoni. Chagua sababu, isome, uielewe inavyofanya kazi.

Bati hupata joto mchana kutwa na kutanuka. Usiku likipoa husinyaa, na kila msumari unaobana hutoa mlio. Kwa aliyelala chini yake ni kama mtu katupa kokoto. Nyumba zilizojengwa chini ya miamba, kama zile zinazopanda vilima vya Igogo au Mabatini, zina la ziada: jiwe nalo hutanuka na kusinyaa, likamenyeka maganda, na vipande huporomoka bila kusukumwa na mkono wowote.

Kukabwa usingizini ndiko tunakoita jinamizi. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo huizuia misuli isitekeleze ndoto hizo. Wakati mwingine akili huamka kabla ya misuli kuachiwa. Mtu anaona chumba chake, hawezi kusogea, kifua kizito, na ndoto bado inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Aliyepatwa na hali hiyo hasemi uongo hata kidogo, na Kabula lazima alijue hilo kabla hajacheka mbele ya shahidi.

Jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, kisha huua. Ukiitumia kama dokezo, mfanye mtu afungue madirisha na alitoe jiko nje ndani ya ukurasa huohuo. Msomaji wako huenda analala na jiko usiku huu.

Kilio cha mtoto gizani ni cha komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, ambaye ameshawatoa watu mbio vijiji vingi. Pimbi, ambao wamejaa Kisiwa cha Saanane, wanakupa dokezo zuri zaidi. Hukojoa mahali palepale miaka na miaka, na mkojo wao ukikauka huacha michirizi myeupe kwenye mwamba. Fikiria mwamba ambao watu wa Jiwe Pacha wanasema "unalia machozi", na mwanafunzi wa sekondari anayemweleza Kabula machozi hayo ni ya nani.

Kuna na wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kwa mamilioni hadi wakaonekana kwa mbali kama nguzo ya moshi juu ya maji. Mgeni wa kutoka Dodoma akiwaona kwa mara ya kwanza, atakuapia kwamba kuna kitu kinawaka ziwani.

Ukitaka la nje, lipo. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy alieleza jinsi yeye na wenzake walivyosumbuliwa na hofu na kivuli cha kijivu katika maabara moja huko Coventry, Uingereza, mpaka alipogundua feni iliyokuwa ikitoa mtikisiko wa takriban hezi 19, chini ya kiwango ambacho sikio hukisikia. Feni ilipotengenezwa, mzuka ukaisha. Jenereta ya mashine ya barafu pale mwaloni inaweza kukupa tukio la jamii hiyo.

Halafu kuna hofu yenyewe inavyoambukiza. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kilienea hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wiki chache tu kabla. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala kijidudu. Waliofuatilia baadaye waliona msongo wa wasichana wale katika maisha ya bweni. Lisome tukio hilo ukiwa na huruma. Linakufundisha kwamba mwili unaweza kutoa dalili za kweli bila mchawi wala uongo, na kwamba Kabula akikuta wasichana kumi wameanguka darasani, swali lake la kwanza liwe wamelala saa ngapi na wanaogopa nini.

Hatua ya 3: Mtafute anayefaidika

Sasa weka mkono wa mtu. Hadithi isiyo na mwovu itageuka somo la sayansi. Jiulize: hofu hii inamuingizia nani fedha?

Pwani ya ziwa ina majibu mengi. Mabondo ya sangara, lile puto la hewa ndani ya samaki, huuzwa ghali kuliko minofu yake kwa sababu yanatafutwa China. Ghala ambalo kila mtu analiogopa ni mahali pazuri pa kuficha mabondo ya wizi. Wavuvi wa kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku kwa kuwa unakomba hadi samaki wachanga, wangependa sana ufuko usiwe na macho usiku. Na kiwanja kinachosemwa kina majini hushuka bei kila wiki.

Mimi ningechagua kiwanja, kwa sababu kila familia inaelewa ugomvi wa kiwanja. Katika mfano wetu yupo tajiri anayetaka ufuko wa Bibi Mbuke ajenge hoteli. Ameshapeleka bei, amekataliwa. Sasa ana kijana anayepita na taa. Komba hakulipwa na mtu. Alikuwa akilia miaka yote, ila zamani hapakuwa na taa ya kumfanya aogopwe. Huo mchanganyiko wa hila ya mtu na jambo la asili ndio unaompa Kabula kazi ngumu, maana akieleza kilio, taa inabaki, na akieleza taa, watu wanamuuliza kuhusu kilio.

Hatua ya 4: Mjenge mwandishi wa habari

Kutoamini peke yake hakutoshi kuwa tabia. Mtu anayesema "uongo huo" kwa kila kitu anachosha kufikia sura ya tatu. Kutoamini kwa Kabula kuonekane katika kazi: anaandika saa, anapima umbali kwa hatua, anarudi kwa shahidi mara ya pili na kuuliza swali lilelile kwa njia nyingine, anampigia mtuhumiwa kupata upande wa pili hata kama hampendi. Analipwa kwa habari, kwa hiyo ana kishawishi cha kweli: mhariri anataka kichwa cha "Jini lazua taharuki Mwanza", na kichwa hicho kitauza kuliko "Komba asikika ufukweni". Hapo ndipo penye vita vyake, na ndipo msomaji atakapompenda.

Mpe familia. Mwandishi wa habari asiye na bibi wa kumtania amekosa nusu ya vichekesho vyake. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenza, na babu humwita mke wangu, kisha utani unaanza hapo. Bibi yake Kabula aamini majini kabisa, awe na akili kali, na awe ndiye anayemwonyesha dokezo muhimu. Anayeamini si mjinga, na njia bora ya kulionyesha hilo ni kumfanya apatie kuliko mjukuu wake msomi.

Wala usidhani unaingiza mtindo wa kigeni. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, *Mzimu wa Watu wa Kale*, inaanzia kwenye maiti katika mzimu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anaifumbua kesi hiyo kwa kufikiri. Upelelezi wa Kiswahili umekuwa ukizungumza na mizimu tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Waache mashahidi wachekeshe, na ufiche dokezo ndani ya kicheko

Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote. Msomaji anapocheka hulegeza ulinzi. Dokezo lililowekwa katikati ya utani hupita bila kuonekana, na baadaye akilikumbuka anaona ulicheza naye kwa haki. Tazama:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umechelewa, jini lako limeshaondoka."

"Lilivaaje, babu?"

"Kanzu. Nyeupe, ndefu, safi kabisa."

"Kanzu ya wapi!" mama mmoja akadakia huku akigeuza dagaa. "Lile lina koti la mvua, tena limechanika bega. Nikasema hata majini siku hizi maisha magumu."

Watu wakaangua kicheko. Kabula akaandika vyote viwili, kanzu na koti.

Babu alitia chumvi, na mama alisema kitu ambacho hakuna sababu ya kukibuni. Uongo hupenda usafi na ukubwa. Ukweli una bega lililochanika. Msomaji atacheka maisha magumu ya jini, na sura nane baadaye koti litaonekana likiwa limeanikwa kwenye kamba.

Mfano mwingine mfupi, Kabula na kijana wa bodaboda:

"Dada mwandishi, kule baada ya saa mbili usiku ni elfu tano."

"Jumatatu umenipeleka kwa elfu mbili."

"Jumatatu jini lilikuwa halijaingia kazini."

Kicheko, na papo hapo swali: kijana huyu alijuaje ni usiku gani taa itatoka na ni usiku gani haitatoka? Anaweza kuwa mfanyabiashara tu, anaweza kuwa zaidi ya hapo. Mwache ashukiwe sura tatu. Usimfanye mwovu, lakini. Vijana wa bodaboda wameshalaumiwa vya kutosha.

Hatua ya 6: Tumia mwezi

Dokezo kuu la hadithi ya mwambao lipo angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za betri na za sola zinazoelea juu ya maji. Mwanga huwavuta viumbe wadogo wa majini, na dagaa huwafuata kula. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku hizo na kwenda nyumbani.

Sasa Kabula apange ushahidi wote kwa tarehe, kisha bibi yake atazame daftari na kusema, "Mke mwenza, jini lako halipendi mwezi." Taa imetokea siku za giza peke yake. Kwa nini? Kwa sababu siku za giza wanaume wa mwaloni wako ziwani. Siku za mbalamwezi wapo kambini, na yeyote kati yao angeitambua taa ya dagaa kwa kuitupia jicho moja. Jini linajua ratiba ya wavuvi.

Kutoka hapo unafika kwa fundi anayechaji betri mwaloni. Ana daftari: jina, mtumbwi, betri ngapi, imelipwa au bado. Kuna mteja anayechukua betri kila usiku wa giza na safu yake ya mtumbwi iko tupu. Mwonyeshe msomaji daftari hilo mapema, katika sura ya nne hivi, Kabula akiwa amekuja kuchaji simu yake tu.

Chora kalenda ya mwezi halisi wa mwaka ulioweka hadithi yako na uibandike ukutani. Msomaji wa Ukerewe atahesabu.

Hatua ya 7: Mahali na wakati

Tumia maeneo ya kweli kwa safari na ya kubuni kwa uhalifu. Kabula apite soko la samaki la Mwaloni Kirumba, aone Jiwe la Bismarck kutoka barabarani, apande kivuko cha Kamanga au meli ya Nansio. Nyumba ya tajiri, mwalo wa jini na ofisi ya gazeti vibuni, usimchafue mtu.

Angalia mwaka. Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Hadithi ya kabla ya hapo iwe na foleni ya kivuko, ambayo ni mahali pazuri mno pa mazungumzo na uvumi. Ya baada ya hapo, mtu anavuka kilomita zile tatu kwa dakika chache, na ushahidi wa "nilikuwa nasubiri kivuko" haumwokoi tena mshukiwa.

Kisukuma kidogo kinatosha. Mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, ngosha kwa mwanamume. Usimfanye Msukuma kichekesho kwa lafudhi yake.

Hatua ya 8: Mipaka

MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na makaburi ya waliofariki yapo Igoma. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya watu 220. Usitengeneze mizuka ya kuchekesha kutokana na watu hao. Familia zao ndio wasomaji wako.

Msukule nao uguse kwa tahadhari kubwa. Nyuma ya kila uvumi wa msukule kuna familia iliyofiwa na inayotumaini.

Kuhusu Bibi Mbuke, sheria inakusaidia kusuka hadithi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwazuia waganga wasio na kibali na kupiga vita ramli chonganishi, ile inayotaja jirani kuwa ndiye aliyeroga. Basi tajiri wako amlete mpiga ramli mkutanoni amtaje Bibi Mbuke. Hapo kicheko kikome kwa kurasa mbili. Mtendaji wa kata ahangaike, Kabula aache kuandika na aende kulala kwa bibi yule usiku ule. Hadithi ya kuchekesha inaruhusiwa kuogopa mara moja, na ikiogopa iogope kitu cha kweli, yaani watu wenye hasira.

Hatua ya 9: Ufichuzi

Kusanya watu wote mahali pamoja, mchana, mwaloni, mbele ya chanja. Wavuvi wawepo kwa kuwa ni siku za mbalamwezi. Kabula asihutubie. Aulize maswali mafupi na mashahidi wajibu wenyewe: fundi na daftari lake, mama na koti lake, mwanafunzi na pimbi wake. Kilio cha komba kisikike kutoka kwenye simu ambayo Kabula alirekodia, watoto wacheke, na wazee waliokimbia wiki iliyopita wacheke pamoja nao. Mpiga ramli aulizwe bei yake na nani aliyelipa. Bibi Mbuke awe na neno la mwisho kwa tajiri, nalo liwe la utani mkali, maana ndiye aliyeumizwa.

Usiongeze kile kivuli kinachopita dirishani katika aya ya mwisho. Najua kinavutia, na waandishi wengi hukipenda. Lakini kumkonyeza msomaji kwamba "labda jini lipo kweli" ni kumrudishia mpiga ramli mkoba wake. Funga kesi yote.

Hatua ya 10: Jaribu kwa wasomaji watatu

Mpe mswada mtu anayelijua ziwa, mvuvi au mchuuzi wa dagaa, na umwombe aweke alama kila anapoacha kuamini. Mpe mwingine ambaye hajawahi kufika Mwanza, na akifika katikati muulize anamshuku nani. Akimtaja tajiri na sababu zake zote, chelewesha dokezo la betri na mwongezee nguvu kijana wa bodaboda kama mshukiwa. Akifika mwisho aseme hakuonyeshwa kitu, rudi sura ya nne uliongezee daftari sentensi mbili. Wa tatu awe bibi mwenye umri wa Bibi Mbuke: msomee kwa sauti kurasa zake zote, na pale asipocheka ulipotaka acheke, uliza kwa nini na uandike upya.